Bodi ya klabu ya mpira inavyotakiwa kupanga mkakati, hela na uwekezaji: mwongozo kamili kwa viongozi wa Dodoma na kanda ya kati

Dirisha la usajili likifunguliwa viongozi wengi wa vilabu vyetu huku kanda ya kati wanaanza na swali moja, tunamsajili nani, halafu hela ndo inatafutwa baadaye, kwa mwenyekiti, kwa mbunge, kwa mfanyabiashara wa alizeti anayependa mpira, ikifika Januari wachezaji wamegoma kambini na mpishi anadai. Mpangilio huo ugeuzwe. Bodi ijue kwanza hela ya uhakika ni kiasi gani, kisha iamue timu ya kiwango gani inawezekana, kisha kocha aambiwe ukweli, mchezaji anakuja mwisho kabisa. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, iwe klabu yako iko Ligi Kuu, Championship (daraja la chini yake) au bado mnapambana ligi ya mkoa chini ya DOREFA, chama cha mpira cha mkoa wa Dodoma.

Hatua ya 1: Jueni klabu ni ya nani

Inaonekana swali rahisi ila vilabu vingi havina jibu lake kwenye karatasi. Kuna klabu ya wanachama kama Simba na Yanga, kuna klabu ya taasisi kama Dodoma Jiji ambayo iko chini ya Halmashauri ya Jiji na ilipanda Ligi Kuu 2020, na kuna klabu ya mtu au kampuni. Kila aina ina bodi yake na mipaka yake.

Klabu ya halmashauri hela yake inapita kwenye bajeti ya halmashauri, madiwani wanaijadili, na mwisho wa siku CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anaikagua, kwa hiyo huwezi kumuahidi mchezaji cash ya wiki ijayo wakati malipo yana utaratibu wake. Bodi ya klabu ya namna hii inatakiwa ikae na mweka hazina wa jiji mapema kabisa, kabla bajeti haijapitishwa, maana ukikosa kifungu cha usajili kwenye bajeti ndo umekosa hivyo, mtaanza kuchangishana. Klabu ya wanachama bosi wake ni mkutano mkuu na katiba. Klabu ya mtu binafsi inaenda haraka sana kwenye maamuzi lakini mashabiki wake hawana cha kushika, mwenye nayo akiamua kuihamisha anaihamisha. Waulizeni wenzetu wa Singida, ndani ya miaka michache wameona Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate, halafu Ihefu iliyotokea Mbarali ikahamia kwao na kuitwa Singida Black Stars mwaka 2024.

Makaratasi ya kuwa nayo mezani siku ya kikao cha kwanza: cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Vyama vya Michezo pale BMT (Baraza la Michezo la Taifa), katiba yenye muhuri, usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa makampuni) kama mna kampuni, namba ya mlipakodi, orodha ya mikataba yote ya wachezaji na makocha, na taarifa ya benki. Akaunti iwe kwa jina la klabu. Kama mapato yanaingia kwenye simu ya katibu, simamisheni kila kitu mrekebishe hilo kwanza, mengine yote kwenye huu mwongozo hayatafanya kazi.

Hatua ya 2: Bodi ikae kwenye kazi yake

Kazi ya bodi ni nne tu. Kupitisha mkakati, kupitisha bajeti, kumuajiri mtendaji mkuu na kumbana, na kulinda mali na jina la klabu. Kupanga kikosi haimo. Kumpigia kocha simu usiku wa kuamkia mechi haimo. Mjumbe akianza kuleta "kijana wake" kwenye majaribio, ujue tayari amevuka.

Watu sita au saba wanatosha. Mtafute anayejua hesabu kweli, mwanasheria, mfanyabiashara mwenye biashara inayoonekana, mtu aliyecheza mpira, mtu wa soka la vijana na wanawake, na mwakilishi wa mashabiki. Dodoma hatuna kisingizio kwenye hili, mji umejaa wahasibu, wakaguzi na wanasheria wa serikali waliostaafu au wanaokaribia kustaafu, tuna UDOM, CBE na Chuo cha Mipango hapo hapo mjini, na wengi wao ni watu wa mpira ambao hakuna aliyewahi kuwaita.

Kuna kitu kinaitwa mgongano wa maslahi na hapa ndo vilabu vinaliwa kimya kimya. Chukua chakula cha kambi. Watu 30, shilingi 10,000 kwa siku kila mmoja, hiyo ni laki tatu kwa siku na milioni 9 kwa mwezi. Sasa kama anayepika ni ndugu wa mjumbe wa bodi na bei ilipangwa kwa mdomo, hakuna atakayeuliza kwa nini wachezaji wanalalamika nyama ni ya Jumapili tu. Dawa yake haina ugumu, mjumbe mwenye biashara na klabu anatamka mwanzo wa kikao, inaandikwa kwenye muhtasari, anatoka nje wakati wa kuamua, na bei zinaletwa na watu watatu tofauti.

Hatua ya 3: Mkakati wa miaka mitatu, kurasa mbili zinatosha

Nimeshaona mikakati ya kurasa 60 yenye picha nzuri na dira na dhima, halafu hakuna sehemu imeandikwa hela inatoka wapi. Andikeni kurasa mbili. Klabu inataka kuwa wapi baada ya misimu mitatu, itapata wachezaji kwa njia gani, itaishi kwa hela gani, na ni kitu gani hatutafanya hata tukishawishiwa.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Singida United ilipanda Ligi Kuu 2017 kwa kishindo, wadhamini wakaja, 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar pale Arusha, na 2020 ikashuka daraja. Miaka mitatu tu. Timu iliyokwea haraka kwa nguvu ya wadhamini na watu wakubwa inatakiwa iwe na jibu la swali, hao wakiondoka tunabaki na nini? Kama jibu ni hakuna, mkakati wenu ni wa kukodi mafanikio.

Kwa huku kwetu naona njia inayolipa ni vijana. Vipaji vipo Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni, Iramba, na kuvifikia si gharama kubwa. Timu ya wasichana ya Fountain Gate ya hapa Dodoma ilibeba ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF mwaka 2023, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mkoa huu ni wa zabibu tu. Treni ya SGR nayo ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma 2024, mchezaji kutoka Dar anafika siku hiyo hiyo, skauti wa timu kubwa pia anaweza kuja kuangalia mechi na kurudi. Hizo ni faida za kuandika kwenye mkakati, klabu ya Bukoba haina.

Hatua ya 4: Bajeti ya makundi matatu

Hapa tukae kidogo maana ndo moyo wa kazi yote.

Andikeni mapato yote kwenye makundi matatu. La kwanza ni hela ya uhakika, yaani ina mkataba uliosainiwa na tarehe ya malipo: mgao wa haki za televisheni, mgao wa mdhamini wa ligi, ruzuku iliyopitishwa kwenye bajeti, mdhamini wa jezi aliyesaini. Kundi la pili ni hela inayotarajiwa kwa kuangalia msimu uliopita, mfano viingilio na ada za wanachama. La tatu ni hela ya matumaini: mdhamini "tunaongea naye vizuri", kuuza mchezaji, zawadi ya kombe, ahadi ya mgeni rasmi.

Mishahara, kambi na safari vilipwe na kundi la kwanza pekee. Kundi la pili lilipe motisha, vifaa na maendeleo ya vijana. Kundi la tatu lisilipe kitu chochote mpaka liingie benki. Hiyo ndo sheria ninayoisimamia na siilegezi, hata kwa klabu kubwa.

Kwa vilabu vya Ligi Kuu kumbukeni mkataba wa Azam Media wa 2021, bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ni hela ya maana sana na imeziokoa timu nyingi, ila ina mwisho, na bodi yenye akili inajiuliza sasa hivi klabu itaishije kama mkataba unaofuata utakuwa mdogo. Kama zaidi ya nusu ya hela yenu ya uhakika inatoka mfuko mmoja, andikeni hilo kama hatari namba moja.

Viingilio navyo msijidanganye. Ligi ya timu 16 mnacheza mechi 15 nyumbani, na ukweli unajulikana, uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma unajaa akija Simba na akija Yanga. Hizo mechi mbili msizizidishe mara 15. Halafu mnachohesabu getini sio chenu chote, kuna VAT asilimia 18, kuna uwanja, kuna makato ya mamlaka za mpira, kuna ulinzi na gharama za mchezo, kwa hiyo kwenye bajeti wekeni kile kilichobaki mkononi msimu uliopita.

Sasa upande wa matumizi, mfano wa klabu ya Championship, hesabu za kujifunzia. Wachezaji 24 kwa wastani wa laki saba ni milioni 16.8. Benchi la ufundi milioni 5.5. Mchango wa mwajiri NSSF asilimia 10 ya hiyo mishahara ni milioni 2.23. Kambi milioni 9. Safari mbili za ugenini kwa mwezi, milioni 3.5 kila moja, ni milioni 7. Jumla milioni 40.53 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ni zaidi ya milioni 405, bado hamjasajili mtu, hamjanunua mipira, hamjatibu goti la mtu. Bodi ikiona hiyo namba mapema itaacha kushangaa kwa nini Februari ni ngumu.

Halafu choreni jedwali la mwezi kwa mwezi, hela inayoingia na inayotoka. Klabu inaweza kuwa na bajeti inayobalance kwa mwaka na bado ikafa Novemba kwa sababu mgao unaingia Desemba. Ukijua pengo liko Novemba unaongea na benki au mdhamini Agosti ukiwa na heshima yako.

Kuhusu ukomo wa mishahara, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kuanzia msimu wa 2025/26 wanabana gharama za kikosi zisizidi asilimia 70 ya mapato. Sisi tusio na mapato mengine ya kutuokoa ningesema asilimia 60, na bodi iandike azimio kabisa, mtendaji mkuu akitaka kuvuka arudi bodini.

Hatua ya 5: Karatasi ya usajili

Hakuna mchezaji anasainiwa bila karatasi moja inayoonyesha gharama yake yote mpaka mwisho wa mkataba. Mfano straika ambaye watu wanamuita "wa milioni 15". Miaka miwili. Dau la usajili milioni 15. Mshahara milioni 1.2 kwa miezi 24, milioni 28.8. Nyumba 250,000 kwa mwezi, milioni 6. NSSF ya mwajiri milioni 2.88. Wakala milioni 1.5. Motisha ya magoli na ushindi mkikadiria milioni 3. Jumla milioni 57.18. Huyo ndo straika wenu, ni wa milioni 57.

Chini ya karatasi kocha anaandika kwa nini anamtaka na nafasi gani atacheza, daktari anaandika hali ya afya, mhasibu anaandika hela inatoka kundi lipi, mtendaji mkuu anasaini. Bodi inaangalia kitu kimoja tu, iko ndani ya bajeti au haiko. Tumsajili au tusimsajili kiufundi sio mjadala wa bodi.

Na kuvunja mikataba ya makocha iwe na karatasi hiyo hiyo. Kumfukuza kocha baada ya mechi tano kunafurahisha jukwaa kwa wiki moja, lakini mtakuwa mnalipa makocha wawili, mmoja wa uwanjani na mmoja wa nyumbani kwake.

Hatua ya 6: Madeni ya mishahara

Kanuni za FIFA ziko wazi, mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15, isipolipa anavunja mkataba kwa sababu halali na bado anadai fidia. Kesi ya mchezaji wa kigeni ikifika FIFA na klabu ikashindwa kulipa, adhabu inaweza kuwa kufungiwa kusajili mpaka madirisha matatu. Kwa hiyo barua yoyote ya madai isikae kwenye droo ya katibu, iingie ajenda ya bodi ndani ya wiki hiyo hiyo.

Kama mmerithi madeni, yaorodhesheni yote, nani, kiasi, tangu lini, kisha muitane na wadai mmoja mmoja mkubaliane ratiba kwa maandishi. Wengi wanakubali kulipwa kidogo kidogo. Wanachokasirikia ni simu kutopokelewa.

Hatua ya 7: Hela ambayo vilabu vinaiacha mezani

Fidia ya mafunzo na mchango wa mshikamano, hizi mbili viongozi wengi wanazisikia tu. Fidia ya mafunzo ni malipo kwa vilabu vilivyomfundisha kijana. Mchango wa mshikamano ni huu: mchezaji akiuzwa kimataifa, mpaka asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa vilabu vilivyomlea kuanzia msimu wa miaka 12 mpaka 23. Misimu ya umri wa 12 hadi 15 kila mmoja una asilimia 0.25 ya bei, 16 hadi 23 kila mmoja asilimia 0.5. Tuseme kijana wa Kondoa alikaa kwenu misimu mitatu, akiwa na miaka 16, 17 na 18, baadaye klabu ya Ubelgiji inamuuza kwa dola milioni moja. Yenu ni dola 15,000, zaidi ya milioni 35 za kwetu, na akiuzwa tena nje mnapata tena.

Ila mnapata kama kumbukumbu zipo. Tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo chao cha kukusanya na kugawa hela hizi, kinategemea historia ya usajili wa mchezaji kwenye mfumo. Kijana aliyecheza kwenu misimu mitatu bila kusajiliwa rasmi TFF, kwa FIFA hajawahi kuwa wenu. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo, kadi za vijana, tarehe za kuzaliwa za kweli, klabu waliyotoka. Ni kazi ya kompyuta moja.

Mengine haraka haraka: jezi ziwe dukani kabla ya mechi ya kwanza la sivyo feki zitakuwa zimeshauzwa Majengo sokoni, tiketi ziuzwe kwa mfumo wa kielektroniki, wadhamini wadogo wa mjini wasidharauliwe, hoteli, wauza mvinyo wa hapa hapa, shule binafsi, kumi wa milioni tano ni salama kuliko mmoja wa milioni hamsini.

Hatua ya 8: Mwekezaji akija

Kwanza tenganisheni vitu vitatu. Mdhamini analipa ili jina lake lionekane. Mkopeshaji anarudishiwa. Mwekezaji ananunua hisa na anakula hasara pamoja nanyi. Watu wengi wanaoitwa wawekezaji huku kwetu kiukweli ni wakopeshaji, wanatoa hela msimu mzima bila karatasi, siku ya ugomvi wanaleta deni. Kila shilingi inayoingia iandikwe ni ipi kati ya hizo tatu siku hiyo hiyo inapoingia.

Thamani ya klabu ijulikane kabla ya kukaa naye. Mkikubaliana klabu ina thamani ya milioni 400 na yeye anaingiza milioni 300 mpya, klabu sasa ni ya milioni 700 na hisa zake ni asilimia 42.9. Akisema apewe 75 kwa sababu "300 ni robo tatu ya 400", mwanasheria na mhasibu wenu wanatakiwa wawe kwenye chumba.

Klabu ya wanachama ina mipaka pia, kwenye mabadiliko ya Simba msimamo wa serikali ulikuwa wanachama wabaki na asilimia 51 na uwekezaji usizidi 49. Wajerumani wana kanuni inayofanana nayo tangu 1998. Na jifunzeni kwenye hiyo hiyo Simba, bilioni 20 za Mohammed Dewji zilizungumzwa tangu 2017 na maswali ya wanachama, ziko wapi na zinaingiaje, yaliendelea kwa miaka. Kwa hiyo kwenye mkataba andikeni hela inaingia akaunti gani, tarehe gani, na hisa zitolewe kadiri hela inavyoingia benki. Robo ya hela, robo ya hisa.

Mchunguzeni na yeye. Kampuni yake BRELA inaonyesha nini, ana kesi gani, ana maslahi kwenye klabu nyingine ya ligi hiyo hiyo, hela imetoka wapi. Muombeni taarifa ya benki, mwekezaji wa kweli hakasiriki.

Kisha orodhesheni vitu ambavyo havibadiliki bila kura ya wanachama hata akiwa na hisa ngapi: jina, rangi, nembo, mji wa nyumbani, na kuuza ardhi ya klabu. Mji wa nyumbani msiusahau. Na kipengele cha kuondoka kiwepo, akitaka kuuza hisa zake klabu inapewa nafasi ya kwanza kwa siku 90, na anaacha mishahara ya msimu ulioanza imeshalipwa.

Hatua ya 9: Ripoti, bima na kalenda

Kila mwezi bodi ipate karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, bajeti ilisema nini, madeni, na hela iliyopo benki leo. Kila mwaka awepo mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Hesabu zenyewe zisomwe kwenye mkutano mkuu, sio muhtasari wake.

Bima ya wachezaji na basi isiwekwe kwenye "tukipata hela". Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali likitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Barabara zetu ni ndefu na timu zinasafiri usiku. Wekeni bima kwenye kundi la kwanza la bajeti pamoja na mishahara, na bodi ipige marufuku safari za usiku kwa azimio.

Kalenda iwe hivi. Machi mnaanza kukusanya namba za mapato ya msimu ujao. Aprili bodi inapitisha ukomo wa mishahara. Mei kocha analeta mahitaji yake akiwa anajua ukomo. Juni hesabu za msimu zinafungwa na mkaguzi anaanza. Dirisha likifunguliwa mtendaji mkuu anakuwa na karatasi zilizosainiwa mkononi, na mjumbe yeyote wa bodi akipigiwa simu na wakala anampa namba ya mtendaji mkuu, basi.